Mafuta ya Gari la Wagonjwa Namba Mbili

Saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumatatu, gari la wagonjwa namba mbili liliegeshwa juu ya shimo la gereji ya hospitali, injini ikiwa bado ya moto, kama inavyotakiwa. Mafuta ya giaboksi hayamwagwi yakiwa baridi. Yakiwa baridi huacha uchafu wake chini na kutoka yakijifanya watakatifu. Fundi alishuka ngazi nne za shimo, akaweka beseni mahali pake, akafungua nati ya kumwagia kwa spana na kurudisha uso nyuma. Mafuta yakashuka kwa mkondo mmoja, laini, bila kukatika.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, mwenye vidole vilivyoingia weusi usiotoka kwa sabuni. Gereji nzima ilimwita Tone, na jina lenyewe lilitokana na kazi yake. Mafuta yaliyokwisha kumwagwa wengine huyatupia jicho mara moja wakayatupa, yeye aliyahoji. Aliyamimina kidogo kwenye trei nyeupe, akayapeleka mlangoni penye jua. Yakiwa mekundu ya kung'aa, giaboksi haina neno. Yakianza kuwa ya kahawia, yamezeeka, lakini kwa heshima. Yakiwa meusi na yananuka kama mkate uliosahauliwa jikoni, kuna kitu ndani kimesagana na kuungua. Yakiwa ya waridi yenye ukungu, kama maziwa yaliyotiwa rangi, maji yamepenya. Halafu aliyasugua kati ya kidole gumba na cha shahada akitafuta chembe, akayapitishia sumaku, akayanusa. Mwisho kabisa alichovya kijiti, akadondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe na kulisubiri litanuke.

Zamani tone lilitanuka likafanya pete, basi. Pete safi, mafuta mazuri. Doa jeusi lililokataa kusogea, mafuta yamekwisha. Tangu mvua za mwaka juzi tone lilichora na barabara pia. Lilianzia katikati, palipo na safari za kwanza baada ya mafuta kutiwa, likaenda likitoka nje pete kwa pete, kiasi cha wiki moja kila pete, mpaka ukingoni kwenye safari ya jana. Mistari ilikuwa myembamba kama unywele, lakini ilisomeka: njia panda, daraja, kona ya soko, mageti ya watu. Hakuna aliyeitisha mkutano juu ya jambo hilo. Gari la mashuka lilichora njia moja tu, ya kwenda kwa dobi na kurudi, mara mia tatu, mpaka karatasi ikatoboka. Gari la daktari wa meno lilichora nyumba moja nyuma ya soko mara arobaini na moja. Daktari wa meno aliitazama ile karatasi, akasema tone lilikuwa kubwa mno, akaomba safari nyingine lidondoshwe dogo. Karatasi zilitundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na zilipokauka ziliingia kabatini kwa karani.

Gari la wagonjwa namba mbili lilikuwa halijamwagwa mafuta kwa miezi kumi na minne.

Kila zamu yake ilipofika, kwenye daftari la matengenezo palikuwa pameandikwa "bado", kwa mwandiko wa Mkurugenzi wa hospitali mwenyewe. Fundi alilikuta neno hilo mara tano, na mara zote tano alifunga daftari kimya kimya. Naye alikuwa na sababu zake za kutotaka kuyaona mafuta yale. Safari hii gari lilikuwa limeitwa na karani mpya, mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyehamishiwa gereji kutoka idara ya chakula. Hakuna aliyekuwa amemnong'oneza kwamba lile haliitwi. Alisoma kilomita, akatoa hesabu yake, akaita.

Sababu za Fundi zilikuwa hizi.

Miezi kumi na minne nyuma, siku ya Alhamisi, mkewe alibanwa na pumu saa tisa alasiri. Alikuwa mshonaji, yuko nyumbani peke yake na cherehani yake. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Alipiga simu hospitali mwenyewe, akataja mtaa, akataja na jina la mumewe ili wajue ni mtu wa nyumbani. Hospitali ikampigia Fundi gereji, ikamwambia gari limeshatoka. Kutoka hospitali mpaka kwake ni mwendo wa dakika kumi na tano. Fundi akanawa mikono, akachukua kiti cha magurudumu, akaenda kusimama nacho getini kumpokea mkewe. Alisimama pale mpaka kivuli cha kiti kikawa kirefu kuliko yeye. Gari lilifika nyumbani kwake saa kumi na mbili kasorobo. Aliyekuwa akiliendesha ni mdogo wa mkewe, wa baba mmoja mama mmoja. Kwenye cheti cha mkewe pameandikwa kwamba alifariki saa kumi na moja na dakika tano.

Dereva alisema gia zilimgomea kwenye mwinuko wa machimbo. Alikaa pale, alisema, karibu saa mbili nzima, mpaka giaboksi ikapoa na kukubali kusonga. Ripoti ikaandikwa. Ilisema giaboksi ilishika moto kwa sababu mafuta yalikuwa pungufu, na kwamba mafuta hayo yalikuwa yametiwa siku sita kabla na fundi fulani, ambaye ni mume wa marehemu. Mume wa marehemu aliletewa ripoti, akaisoma mara mbili, akatia sahihi.

Alitia sahihi kwa kuwa hakuweza kuapa. Mafuta ya giaboksi hupimwa mara mbili: mara ya kwanza yakishatiwa, mara ya pili injini ikinguruma na imepata moto, kwa sababu hapo ndipo yanapopanda au kushuka na kusema ukweli. Ile mara ya kwanza aliikumbuka vizuri. Ya pili, alikumbuka ameshika kijiti cha kupimia mkononi, na simu ikaita, na alikuwa ni mkewe anataka aletewe uzi mweusi, na wakaongea, na yeye akacheka. Baada ya hapo palikuwa na giza. Kwa miezi kumi na minne alikuwa akirudi kwenye kile kicheko kutafuta kama kijiti kiliingia kwenye mafuta au hakikuingia, na kila mara alikikuta kile kicheko kitupu.

Tangu hapo alikufa ganzi. Alikuja kazini, alikula ilipogonga saa ya kula, alilala ilipofika saa ya kulala. Msibani watu walimpa mkono wa pole naye akautazama ule mkono kama kitu kilichoachwa na mteja. Mama mkwe, ambaye tangu siku ya harusi alimwita mwanangu, alitoa kiganja chake kwenye kiganja cha Fundi mbele ya kaburi na hakukirudisha tena. Fundi alipokwenda kumwamkia, kila baada ya Jumamosi mbili, mama mkwe aliitikia "marahaba" kisha akaingia ndani. Fundi aliacha sukari na sabuni kizingitini, akaondoka.

Sasa mafuta yalikuwa kwenye beseni.

Aliyapima kwanza wingi. Lita nne na nusu. Kiasi kilekile alichotia. Alimimina kwenye trei akayapeleka mlangoni. Yalikuwa mekundu, yamefifia kidogo kama wino wa mwalimu kwenye daftari la zamani, lakini mekundu. Aliyasugua, yaliteleza, hayana mchanga. Alifungua bakuli la chini la giaboksi, akatazama sumaku iliyomo ndani: utando wa kijivu mwembamba, ule wa kawaida, usio na vipande. Akainama, akanusa. Yalinuka mafuta. Akanusa tena, akiwa amefumba macho.

Giaboksi iliyoshika moto mpaka ikagoma saa mbili nzima haina pa kujificha. Mafuta yake ungeyanusa tangu getini.

"Haya hayajapata kuungua," alisema.

Karani alikuwa mezani kwake na fomu. "Basi si habari njema hiyo?"

Fundi akainusa trei kwa mara ya tatu.

"Niandike nini, Fundi? Hali ya mafuta."

"Andika nzuri."

Karani akaandika "nzuri", akaweka nukta.

Ilikuwa saa nne alipodondosha tone. Lilitanuka polepole, kwa sababu lilikuwa na miezi kumi na minne ya kusimulia, na Fundi alikaa kwenye kigoda akilitazama. Pete ya kwanza ilikuwa ya wiki ile. Aliisoma jinsi mtu anavyosoma barua ya ofisini, bila kuruka mstari. Ijumaa, Jumamosi, hospitali na mitaa ya kawaida. Jumatatu, uwanja wa ndege mara moja. Alhamisi, mstari ulitoka hospitali ukaenda kwenye duka la vigae lililo karibu na mzunguko wa barabara. Kutoka dukani ukapanda kwenye kilima cha majumba mapya, ukasimama kwenye geti lenye nguzo mbili. Ukarudi dukani. Ukapanda tena getini. Ukarudi dukani, ukapanda tena. Kisha kutoka getini ulishuka moja kwa moja hadi kwenye nyumba ndogo ya madirisha mawili, yenye kamba ya nguo ubavuni, iliyochorwa katikati kabisa ya karatasi. Ilikuwa nyumba yake. Mwinuko wa machimbo ulikuwa mweupe pe. Gari halikuwa limepita huko wiki nzima.

Alitundika karatasi kwenye kamba kwa kibanio, akaenda kubadilisha breki za gari la maabara, kwa kuwa lilikuwa linangojewa.

Saa tisa alasiri karatasi ilianza kupumua. Haikuanza kwa kishindo. Mahali palipochorwa ile nyumba palituna kidogo, pakabonyea, pakatuna tena, na kila kupanda kulikuja na mluzi mwembamba, kama upepo unaopita chini ya mlango. Karani aliyekuwa akisikiliza redio alipunguza sauti, akageuka.

"Hiyo yako inakorota," alisema.

"Haikoroti. Ni pumu."

Karani akaizima redio kabisa. Fundi aliifungua ile karatasi kwenye kamba, akailaza mezani juu ya kitambaa safi, akaiinua upande mmoja kwa kutia kitabu chini yake, kwa sababu mtu wa pumu halazwi chali. Mluzi ukapungua kidogo. Akavuta kigoda akakaa.

Saa tisa na nusu dereva alikuja kuchukua gari lake. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mnene kiasi, mcheshi, mwenye kofia ya kazi iliyofuliwa na kupigwa pasi siku zote. Tangu msiba yeye na Fundi walikuwa wakinywa chai pamoja kila asubuhi, na kila asubuhi dereva ndiye aliyezungumza.

"Shemeji, gari tayari? Wananiulizia."

"Bado mafuta mapya."

Dereva akaiona karatasi. Akasogea. Mluzi ukaja, ukaenda, ukaja. Alivua kofia taratibu, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

"Ni dada," alisema.

"Ni yeye."

Karani alisogeza kiti, dereva akakaa. Nje mtu alikuwa akiosha gari kwa mpira wa maji.

"Vigae?" Fundi aliuliza.

"Vigae. Vya sebuleni na vya ngazi."

"Mara tatu."

"Ni vizito, shemeji. Ukivipakia vyote kwa mkupuo gari linakaa chini." Alitazama kofia yake. "Redio iliniita nikiwa safari ya pili. Walisema mgonjwa wa pumu, wakataja mtaa. Jina lilikatikakatika. Nikamwambia Mkurugenzi, alikuwa hapo hapo getini kwake, nikamwambia bosi, kuna mgonjwa. Akasema malizia hiyo moja iliyobaki, waashi wangu wamekaa bure. Pumu humshika mtu ikamwachia, akasema."

"Ukamalizia."

"Nikamalizia."

"Na jina?"

"Jina nimelijulia mlangoni kwenu."

Karatasi ilikohoa. Fundi alinyoosha mkono akaiongezea kitabu cha pili chini.

"Na hizi gia?"

"Zilinijia tu mdomoni," dereva alisema. "Nilipoulizwa nilikuwa wapi, zikanitoka. Kisha Mkurugenzi akaziandika, zikawa ndizo. Mimi nilidhani utakataa. Nilijua utasimama useme hapana, kazi yangu naijua. Kila siku nikingoja. Ukatia sahihi."

"Sikukumbuka kama nilipima mara ya pili."

Dereva alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ulipima. Si mimi niliyekaa kwenye usukani kukuwashia injini? Ulipima huku simu umeibana na bega. Ukakifuta kijiti, ukakirudisha, ukakitoa, ukanionyesha kidole gumba. Halafu ndio ukacheka."

Fundi alilichukua jambo hilo, akalitia ndani, mahali palipokuwa na giza. Lilikaa sawasawa, kama bolti iliyopata nati yake. Alisubiri kuona kama kuna kitu kingine kitafuata, machozi, au hasira, au mkono wake kunyanyuka wenyewe kumshika mtu shingo. Hakuna kilichofuata. Mkono ulibaki juu ya goti.

"Miezi kumi na minne," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Tumekunywa chai yote ile."

"Ndiyo."

Wakakaa. Kuanzia saa kumi mluzi ulianza kuwa mfupi, na kati ya mmoja na mwingine palikuwa na nafasi ambamo mtu angeweza kuhesabu hadi tano, kisha hadi nane. Dereva aliinama mpaka paji la uso likagusa ukingo wa meza. Fundi aliweka ncha za vidole viwili juu ya ile nyumba ndogo, bila kuibonyeza, akazisikia zikipanda na kushuka. Saa kumi na moja na dakika tano zilishuka zikakaa.

Karani alitazama saa ya ukutani. Akafunga daftari lake, akasema, "Poleni," akatoka kwenda kufunga milango ya nyuma.

Fundi akatia mafuta mapya kwenye gari la wagonjwa namba mbili, lita nne na nusu, dereva akiwa kwenye usukani. Kisha akamkabidhi ufunguo.

Jumanne asubuhi alikwenda kwa Mkurugenzi na karatasi ndani ya bahasha kubwa. Mkurugenzi alikuwa mtu mkarimu wa maneno, anayesimama mgeni akiingia. Aliitandaza karatasi mezani, akavaa miwani, akafuata mstari kwa kalamu mpaka kwenye kilima.

"Lakini wamekosea hapa," alisema. "Hili geti wakati huo lilikuwa halijawekwa nguzo. Nguzo zimekuja baadaye."

"Pengine, bosi."

"Sasa wewe unataka nini, Fundi?"

Fundi alikuwa amelifikiria hilo njia nzima. "Ile sentensi ya ripoti. Isemayo mafuta yalikuwa pungufu. Iondolewe."

Mkurugenzi alivua miwani. Alionekana kusikitika kweli. "Ripoti imeshafungwa. Tukiifungua hii, itabidi tufungue na nyingine."

"Kumbe kuna nyingine?"

"Zipo." Aliikunja karatasi kwa uangalifu, akairudisha kwenye bahasha. "Na kumbuka hakuna aliyekufukuza kazi. Watu walinishauri, mimi nikasema hapana, yule ni mtu wetu, amefiwa. Sikukuangushia jumba bovu ukaachwa chini yake. Si ndiyo?"

"Ndiyo, bosi."

"Basi. Ipeleke kwa karani, iingie kwenye faili."

Mchana wa siku hiyo gereji ilipokea barua ya mistari mitatu. Ilisema kwamba, kwa ajili ya kubana matumizi ya karatasi, kuanzia sasa karatasi za kupimia mafuta zikatwe robo. Wakati barua inasomwa, gari la wagonjwa namba mbili lilikuwa likitoka getini na tangi jeusi la maji limefungwa ndani kwa kamba, mlango wa nyuma ukiwa umeachwa wazi kwa sababu tangi halikuenea.

Karani aliiweka karatasi kabatini, droo ya pili, chini ya namba ya gari. Saa tisa ikaanza tena. Siku ya pili saa tisa, vilevile, na ya tatu. Saa kumi na moja na dakika tano inakoma. Watu wa gereji wakazoea. Waliokuwa wakigonga nyundo wakati huo waligonga taratibu zaidi, na fundi wa rangi aliyekuwa na mazoea ya kuimba akaanza kuimba asubuhi. Karani aliacha droo wazi kiasi cha vidole vitatu ili ipate hewa. Siku moja, kazi zikiwa chache, alizisoma pete za nje. Aliona mstari unaopanda kilima kwenye wiki ya tisa, na kwenye ya ishirini, na ya thelathini na mbili, na kila mara baada ya kilima aliona nyumba ndogo mahali fulani, tofauti na ile ya katikati. Alihesabu mpaka kumi na moja. Kisha akairudisha karatasi, akaenda kunawa mikono.

Jumamosi ilipofika Fundi aliomba kuiazima.

"Utaandika kitabuni, mzee wangu," karani alisema. "Jumatatu nataka niikute."

Akaandika tarehe, namba ya gari, na kwenye nafasi ya sababu akaandika "kuonyesha familia".

Mama mkwe aliishi vyumba viwili, jiko likiwa uani. Alimkuta amekaa kwenye mkeka barazani, akichambua maharage kwenye ungo. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alitaka kunyanyuka kuingia ndani, kama siku zote, lakini magoti hayakumruhusu kwa haraka, na Fundi alikuwa ameshachuchumaa akitoa karatasi kwenye bahasha. Aliilaza juu ya mkeka, akatia sabuni mbili alizokuja nazo chini ya upande mmoja. Mama mkwe aliangalia sabuni zile, akaangalia karatasi.

"Nini hii?"

"Ni ya kazini. Subiri kidogo, mama."

Ilipoanza, yule mzee aliacha kuchambua. Alisikiliza mluzi wa kwanza na wa pili, kisha akasukuma ungo pembeni, akaichukua karatasi akaipakata, akaisimamisha wima kifuani na kuanza kuisugua kwa kiganja, kutoka chini kwenda juu.

"Amekuwa hivi tangu ana miaka minne," alisema. "Ukimlaza ndio unammaliza. Nilikuwa namkalisha hivi, namsugua, mpaka kunapambazuka. Taratibu, mama. Taratibu. Vuta kidogo, usivute nyingi."

Aliendelea hivyo saa mbili nzima, bila kubadilisha mkono. Fundi alimalizia maharage. Saa kumi na moja na dakika tano mama mkwe aliendelea kusugua kwa muda, kisha akaiweka karatasi chini.

"Haya, sema," alisema.

Fundi akasema. Alisema kuhusu rangi ya mafuta, na harufu, na sumaku. Alimwonyesha duka la vigae na kilima na mwinuko mweupe wa machimbo. Alisema vigae vya sebuleni na vya ngazi. Alisema redio ilisema nini, Mkurugenzi alisema nini, na nani alimalizia safari iliyobaki. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza.

Mama mkwe alikuwa amekodolea macho uani, ambako kofia ya dereva ilikuwa imeanikwa ikidondosha maji.

"Anakula hapa kila siku," alisema. "Hamalizi chakula. Nilikuwa nadhani ni minyoo."

"Ndiyo, mama."

"Nilizaa wawili."

"Ndiyo."

"Nikisema ni wewe, nimezika mmoja. Nikisema ni yeye, nimezika wote." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayepanga vyombo. "Mimi ni mzee. Siwezi kurudi makaburini tena na jembe la pili."

Fundi alitazama mikono yake. Alijua kwamba hapa ndipo mtu mwingine angesimama, angepaza sauti, angeitia ile karatasi mkononi mwa majirani mmoja mmoja. Alitafuta ndani yake mtu huyo na hakumkuta.

"Basi sema ni mimi, mama," alisema. "Si ndivyo ulivyokuwa ukisema."

Mama mkwe alinyoosha mkono, akakishika kiganja chake. Kilikuwa kiganja kikavu na chenye joto, na kilimshika sawasawa, kama zamani. Walikuwa hivyo jirani alipochungulia juu ya ukuta wa ua, mwanamke wa umri wa kati aliyekuja kurudisha kikaango.

"Hodi jamani. Kumbe una mgeni?"

Kiganja kikatoka.

"Huyu?" mama mkwe alisema, na uso wake ukafunga. "Si yule wa giaboksi."

Jirani akasema "aah", kwa ile sauti iliyokwisha kuelewa, akaweka kikaango juu ya ukuta na kwenda zake bila kumwamkia mtu. Mama mkwe alingoja mpaka malapa ya jirani yakaacha kusikika. Kisha akaikunja karatasi mwenyewe, kwa kufuata mikunjo yake, akaitia kwenye bahasha na kumpa Fundi.

"Jumamosi ijayo uje nayo tena," alisema. "Saa tisa, usichelewe. Nitakuwa nimemwandalia mto."

"Sawa, mama."

"Na upitie mlango wa nyuma."